Mashine Ijibuyo na Mashine Itoayo Sababu

Mtu akiulizwa swali aweza kupata jibu sahihi kwa kubahatisha. Akiulizwa sababu ya jibu lake, hapo ndipo elimu yake inapodhihirika. Kila mwalimu wa hisabati anaijua tofauti hii, na ndiyo maana humpa alama mwanafunzi aliyeonyesha njia hata kama tarakimu ya mwisho imekosewa. Swali linalowakabili walimu na wanafunzi leo ni kama mashine nazo zinapaswa kudaiwa njia, au kama zinaweza kusamehewa mradi majibu yake yanapendeza.

Tangu Novemba 2022, programu iitwayo ChatGPT ilipotolewa kwa umma, watu wengi, wanafunzi wa sekondari wakiwamo, wamezoea kuiuliza kompyuta maswali na kujibiwa kwa lugha fasaha, hata kwa Kiswahili. Majibu mengi ni sahihi. Mengine si kweli hata kidogo, lakini yote hutolewa kwa sauti ile ile ya uhakika. Programu za aina hii hujifunza kutokana na wingi mkubwa wa maandishi, kisha hukadiria neno lipi lifuate neno lipi. Zikiombwa sababu huzitoa. Lakini sababu hizo nazo ni maandishi yaliyokadiriwa kwa njia ile ile, wala hakuna dhamana kwamba ndizo zilizoleta jibu.

Iko njia nyingine ya kujenga akili bandia, ambayo siku hizi nchini Tanzania huitwa pia akili mnemba. Hiyo ni njia ya mantiki, ambamo mashine hupewa maarifa kwa sentensi zilizo wazi na kutakiwa ifikie hitimisho kwa hatua zinazoweza kukaguliwa. Mmoja wa wajenzi wake wakuu ni Robert Kowalski, aliyeitumikia kwa zaidi ya nusu karne. Yameenea maoni kwamba njia hiyo ilishindwa, na kwamba kazi ya mtaalamu huyo ni ya kuhifadhiwa katika makumbusho. Maoni hayo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayozihusu shule.

Mwanahisabati aliyegeukia kompyuta

Kowalski alizaliwa mwaka 1941 katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, Marekani. Alisoma hisabati, akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1966, kisha akavuka bahari kwenda Scotland, ambako Chuo Kikuu cha Edinburgh kilimpa shahada ya udaktari mwaka 1970. Msimamizi wake alikuwa Bernard Meltzer.

Wakati huo matumaini yalikuwa makubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 John McCarthy wa Marekani alikuwa amependekeza kwamba kompyuta ipewe maarifa ya kawaida ya binadamu katika sentensi za mantiki, nayo ichukue hatua kwa kutoa hitimisho kutokana na sentensi hizo. Mwaka 1965 J. Alan Robinson alichapisha njia ya kuthibitisha theoremu iliyotumia kanuni moja tu ya kuhitimisha, iliyoifaa mashine kuliko zile walizozizoea wanahisabati.

Hata hivyo tatizo kubwa lilibaki. Mashine iliyopewa sentensi chache iliweza kuzaa mahitimisho maelfu kwa maelfu, yote ya kweli na karibu yote yasiyo na faida. Ilikuwa kama mgeni anayeitafuta njia ya kwenda sokoni kwa kuipita kila barabara ya mji. Mwaka 1971 Kowalski na Donald Kuehner walichapisha njia ya kuipunguza kazi hiyo, ambayo huanza na swali lenyewe na kurudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea mambo yanayojulikana. Katika mwaka huo huo Kowalski alialikwa Marseille, Ufaransa, na Alain Colmerauer, aliyekuwa akishughulikia namna ya kuiwezesha kompyuta kuzielewa sentensi za Kifaransa. Kutokana na ushirikiano huo, na kwa kazi ya Colmerauer na Philippe Roussel, mwaka 1972 ilizaliwa lugha ya kompyuta iitwayo Prolog.

Mjomba wa Asha

Jambo alilolifafanua Kowalski linaweza kuelezwa kwa mfano ambao mwanafunzi yeyote wa Afrika Mashariki anaujua. Ichukuliwe sentensi hii: mtu ni mjomba wa mtoto ikiwa mtu huyo ni ndugu wa kiume wa mama wa mtoto. Yaongezwe mambo mawili yanayojulikana, kwamba Juma ni ndugu wa kiume wa Mwanaisha, na kwamba Mwanaisha ni mama wa Asha.

Sentensi ya kwanza yaweza kusomwa kama maelezo, yaani inaeleza mjomba ni nani. Lakini yaweza pia kusomwa kama maagizo: ukitaka kumpata mjomba wa Asha, kwanza mtafute mama wa Asha, kisha mtafute ndugu wa kiume wa mama huyo. Maelezo yamegeuka kuwa kazi ya kufanywa, bila neno hata moja kubadilishwa. Aidha, sentensi ile ile hujibu maswali zaidi ya moja. Yaweza kuulizwa mjomba wa Asha ni nani, au Juma ni mjomba wa nani, au kama ni kweli kwamba Juma ni mjomba wa Asha. Programu ya kawaida ya siku zile ingehitaji kuandikwa upya kwa kila swali.

Wazo hilo, kwamba sentensi ya mantiki ni programu, Kowalski alilieleza mbele ya wataalamu wa kimataifa huko Stockholm mwaka 1974. Mwaka uliofuata alihamia Imperial College, London, alikoendelea na kazi hadi alipostaafu mwaka 1999. Mwaka 1979 alichapisha kitabu juu ya matumizi ya mantiki katika kutatua matatizo, na makala ambayo fikra yake kuu ilikuwa mlinganyo mmoja: algorithimu ni mantiki ikijumlishwa na udhibiti. Mantiki ni yale yanayojulikana kuhusu tatizo. Udhibiti ni utaratibu wa kuyatumia. Katika mfano uliotolewa, mashine ingeweza kuanza na mama wa Asha, au ingeweza kuanza kwa kuwaorodhesha ndugu wa kiume wote wa mji mzima na kumchunguza mmoja mmoja. Jibu lingekuwa lile lile, ila utaratibu wa pili ungechukua muda mrefu zaidi. Anayevitenganisha vitu hivi viwili aweza kuharakisha kazi bila kuuharibu ukweli, na aweza kuusahihisha ukweli bila kuivuruga kazi.

Sheria yaingia katika kompyuta

Thamani ya utengano huo ilidhihirika katika jambo zito kuliko mfano wa mjomba. Mwaka 1986 Kowalski, Marek Sergot, Fariba Sadri na wenzao walichapisha makala iliyoonyesha sehemu kubwa ya Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1981 ikiwa imeandikwa kama programu ya mantiki. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1983. Ilisema, kwa ufupi, kwamba mtu aliyezaliwa Uingereza baada ya sheria kuanza kutumika ni raia ikiwa, wakati wa kuzaliwa kwake, baba au mama yake ni raia au ni mkazi wa kudumu wa nchi hiyo. Sentensi ya namna hii, yenye neno "ikiwa" katikati yake, iko karibu sana na sentensi ya mjomba. Kompyuta iliyopewa sheria na habari za mtu iliweza kusema kama ni raia, na ikiulizwa kwa nini, ilitaja vifungu ilivyovitumia.

Sheria hiyo iliwagusa pia watu wa Afrika Mashariki. Wengi wenye asili ya Bara Hindi waliokuwa Kenya, Uganda na Tanzania walikuwa na pasipoti za Uingereza tangu enzi za ukoloni. Sheria ya 1981 iliwaweka baadhi yao katika daraja la raia wa ng'ambo, lisilo na haki ya moja kwa moja ya kuishi Uingereza. Hapa ndipo mipaka ya mantiki inapoonekana, wala haifai kufichwa. Programu ya mantiki haiigeuzi sheria isiyo na huruma kuwa ya haki. Inachofanya ni kuiweka sheria mahali pa wazi, ili yule aliyekataliwa ajue amekataliwa kwa kifungu kipi, na ajue ni kitu gani cha kupingwa: habari zake zilizoandikwa vibaya, au kifungu chenyewe. Mtu anayekataliwa na mashine isiyo na sababu hana hata pa kuanzia.

Asiyeonekana katika orodha

Katika sheria hiyo hiyo kilikuwamo kifungu kuhusu mtoto mchanga aliyeokotwa akiwa ametupwa. Mtoto huyo huchukuliwa kuwa alizaliwa Uingereza na mzazi anayestahili, isipokuwa kama itathibitishwa vinginevyo. Maneno hayo machache yanabeba moja ya maswali magumu ya taaluma nzima: je, kutokuwapo kwa ushahidi kuchukuliwe kuwa ni ushahidi wa kutokuwapo?

Mwanafunzi wa sekondari analijua swali hili kwa uchungu kuliko mtaalamu. Majina ya waliochaguliwa kuendelea na masomo yanapotangazwa, orodha haiwataji walioachwa. Anayelikosa jina lake huhitimisha kwamba hakuchaguliwa. Prolog hufanya vivyo hivyo: jambo lisiloweza kuthibitishwa kutokana na yaliyoandikwa huhesabiwa kuwa si kweli. Keith Clark, aliyefanya kazi London pamoja na Kowalski, alieleza mwaka 1978 misingi ya hitimisho la aina hii. Lina maana, lakini kwa sharti moja kubwa, kwamba orodha iwe imekamilika.

Sharti hilo likisahauliwa madhara yake si madogo. Mtoto aliyezaliwa kijijini asipate cheti cha kuzaliwa hakukosa kuzaliwa. Mgonjwa ambaye kadi yake haikuingizwa katika kompyuta ya zahanati hakukosa kuchanjwa. Idara nyingi zinapohamishia kumbukumbu zake katika kompyuta, ndivyo inavyozidi kuwa rahisi kwa kimya cha mashine kugeuzwa kuwa hukumu. Faida ya njia ya mantiki ni kwamba hulazimisha dhana hiyo isemwe waziwazi: hapa orodha imechukuliwa kuwa kamili, pale haikuchukuliwa hivyo. Dhana iliyosemwa yaweza kubishiwa. Iliyofichwa ndani ya mabilioni ya tarakimu haibishiki.

Hoja za wapinzani

Wapinzani wa mantiki hawakuwa watu wadogo, na hoja zao zastahili kusikilizwa. Tangu miaka ya 1970 Marvin Minsky wa Marekani alidai kwamba binadamu hawafikiri kwa kupanga sentensi kama mthibitishaji wa theoremu. Uingereza nayo ilipokea mwaka 1973 ripoti ya Sir James Lighthill, iliyosema kwamba ahadi za akili bandia hazikutimizwa, hasa kwa sababu idadi ya njia za kuchunguza huongezeka kupita kiasi tatizo linapokua. Mwaka 1982 Japani ilianzisha mradi mkubwa wa kompyuta za kizazi cha tano, ukiwa umejengwa juu ya programu za mantiki. Mradi huo ulipomalizika mwaka 1992 ulikuwa umetoa utafiti mwingi, lakini haukuleta mapinduzi yaliyotazamiwa katika soko la kompyuta.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya kawaida kabisa: nani atayeandika maarifa yote? Husemwa kwamba ndege huruka. Kisha hukumbukwa mbuni, kisha kifaranga, kisha njiwa aliyevunjika bawa. Kila kanuni ina vighairi, na vighairi navyo vina vighairi vyake. Kuitambua sura ya mtu katika picha, au kuisikia sauti katika kelele za stendi ya mabasi, ni kazi ambazo hakuna aliyefaulu kuziandikia kanuni. Mitandao ya neva, inayojifunza kutokana na mifano, ilizishinda njia nyingine katika kutambua picha mwaka 2012, na tangu hapo imeongoza karibu kila mahali. Hayo ni ya kukubaliwa bila kinyongo.

Lakini kukubali kwamba mantiki haitoshi si sawa na kukubali kwamba haihitajiki. Macho hayafikiri, na fikra hazioni. Mtu huvihitaji vyote viwili. Dalili za kurudi kwa mantiki zimekwisha kuonekana. Julai 2024 kampuni ya Google DeepMind ilitangaza kwamba programu zake zilitatua maswali 4 kati ya 6 ya Mashindano ya Kimataifa ya Hisabati ya wanafunzi wa sekondari, zikapata alama 28 kati ya 42, kiwango cha medali ya fedha. Mojawapo ya programu hizo, AlphaProof, ilitumia mtandao wa neva kubuni hatua, lakini uthibitisho wenyewe uliandikwa katika lugha rasmi ya mantiki iitwayo Lean, ambayo huikagua kila hatua na kuikataa iliyo batili. Mwaka 2025 programu nyingine zilifikia kiwango cha dhahabu zikiandika kwa lugha ya kawaida. Ila kazi zake zilibidi zisomwe na wasahihishaji ili ijulikane kama zilikuwa sahihi. Kubuni ni jambo moja na kuthibitisha ni jingine, na mbunifu hodari ndiye anayehitaji mkaguzi mkali zaidi.

Kazi ya shule

Kowalski mwenyewe hakuishia maabara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, mantiki ilifundishwa kama lugha ya kompyuta kwa watoto wa shule ya Park House, Wimbledon, jijini London. Richard Ennals aliuongoza mradi huo, na Frank McCabe wa Imperial College alitengeneza Prolog ndogo iliyoweza kufanya kazi katika kompyuta hafifu za wakati ule. Watoto waliandika habari za familia na za masomo yao, historia ikiwamo, kwa sentensi za mantiki, kisha wakaiuliza mashine maswali. Mwaka 2011, mwaka ambao Kowalski alipewa tuzo kuu ya utafiti ya mkutano wa kimataifa wa akili bandia, alichapisha kitabu kingine kikisisitiza kwamba mantiki ya kompyuta inaweza kumsaidia binadamu mwenyewe kufikiri na kuandika vizuri zaidi. Baadaye amekuwa akishughulikia namna ya kuandika programu za mantiki kwa Kiingereza kilichopangwa kwa uangalifu, kiasi cha kusomeka na mtu asiyejua kompyuta.

Hakuna sababu ya kufikiri kwamba jambo hilo haliwezekani kwa Kiswahili. Katika mfano wa jamaa, Kiswahili kina ubora wake: hutenga mjomba na baba mdogo, shangazi na mama mdogo, ambapo Kiingereza hutosheka na neno moja kwa kila jozi. Darasa linalojaribu kuandika kanuni ya kila neno la ukoo litagundua upesi kwamba ulidhani unajua maana ya neno mpaka ulipotakiwa kuieleza bila utata. Zoezi hilo halihitaji umeme wala kompyuta. Ubao na chaki vyatosha. Mwalimu wa uraia aweza kuchukua kifungu cha katiba au kanuni za shule na kuwataka wanafunzi wakiandike kwa "ikiwa" na "isipokuwa". Mwalimu wa baiolojia aweza kuanza na ndege huruka na kuwaacha wanafunzi watafute vighairi. Mwalimu wa hisabati tayari anafanya kazi hii, ingawa mara nyingi hukumbana na haraka ya mitihani.

Yako madai kwamba kwa kuwa mashine sasa zinajibu, wanafunzi wafundishwe tu namna ya kuziuliza. Ushauri huo ni wa hatari. Jibu la mashine likipokelewa darasani, likaguliwe kama linavyokaguliwa jibu la mwanafunzi: limetokana na habari zipi, limepitia kanuni ipi, na ni kitu gani kimechukuliwa kuwa kweli bila kusemwa. Jibu lisiloweza kukaguliwa hivyo libaki kuwa fununu, hata likiandikwa kwa lugha nzuri namna gani.

Wanafunzi walio madarasani sasa ndio watakaoajiriwa katika mahakama, hospitali, benki na ofisi za wilaya zitakazoamua mambo ya watu kwa msaada wa kompyuta. Na wengi zaidi watakuwa wale wanaosubiri upande wa pili wa dirisha. Aliyezoea kudai sababu tangu shuleni hatanyamaza atakapoambiwa kwamba jina lake halimo. Atauliza orodha hiyo iliandikwa na nani, na kama ilikwisha kukamilika.